Kabla ya Mtambo, Ardhi

Zipo habari za mitambo ya kugeuza mabaki ya miti na mazao kuwa mafuta. Tunaambiwa pia kwamba huku kwetu Kilwa na Lindi malighafi ni tele. Sisi hatuna ugomvi na mtambo. Swali letu ni moja: ardhi itakuwa ya nani?

Tunauliza ardhi itakuwa ya nani kwa sababu Kilwa njia hii tumekwisha kuipita. Ilikuja kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ikatuletea mbono wa kukamua mafuta ya mitambo. Vijiji vinne, Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, vikatoa eneo la hekta zipatazo 34,000. Fidia ilipolipwa, asilimia 60 ikachukuliwa na halmashauri ya wilaya, na vijiji vyote vinne vikagawana asilimia 40. Mbono ukapandwa kwenye hekta mia chache tu. Kufikia mwaka 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Vibarua wakarudi makwao, lakini ardhi haikurudi yenyewe kijijini, maana ilikwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Walioahidiwa zahanati na visima wamebaki na simulizi.

Sasa inakuja teknolojia nyingine. Mabaki makavu yanasagwa laini, yanapigwa joto la nyuzi 500 hivi bila hewa, kwa sekunde chache tu, kisha mvuke wake unapoozwa upesi. Kinachotoka ni mafuta meusi yenye harufu kali ya moshi, yana tindikali, yana maji ndani yake, na kwa uzito ule ule nguvu yake haifiki nusu ya dizeli. Huwezi kuyatia kwenye bodaboda. Yanafaa kwenye matanuri ya viwandani. Pale Hengelo, Uholanzi, upo mtambo wa namna hii tangu mwaka 2015, na mafuta yake yalianza kwa kuendesha kiwanda cha maziwa. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kweli.

Lakini mtambo ule wa Hengelo umejengwa kula tani 120 za mabaki ya mbao kwa siku. Piga hesabu ya malori ya tani kumi: kumi na mawili, kila siku, Jumapili na sikukuu. Mabaki ya kiasi hicho yatatoka wapi katika kijiji kama Kikole, hapa Kilwa? Ukipita mahali mpingo unapopasuliwa utaona pumba na vipande vimelala chini, ganda jeupe limeshikana na moyo mweusi, na kweli vinatia uchungu kwa kuwa vinapotea bure. Vichukuliwe, vilipiwe. Ila pumba za Kikole haziwezi kujaza malori kumi na mawili hata kwa siku moja. Na mtambo wenye mkopo wa benki hauzimwi kwa kukosa pumba. Utaanza kuitazama miti iliyosimama.

Miti hiyo ina wenyewe. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kupitia shirika la MCDI la Kilwa, vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa msitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kabla ya hapo magogo yalikuwa yakiondoka na kijiji hakiambulii kitu cha maana. Baada ya hapo kijiji kikawa muuzaji, na fedha ikaingia mfuko wa kijiji. Mpingo ule unakwenda kuwa zumari na klarineti. Leo tukubali uchomwe kupasha moto tanuri la mtu?

Kama ni malighafi, yapo maganda ya korosho. Tungekuwa tunabangua korosho zetu hapa hapa Lindi, maganda yangekuwa milima. Lakini korosho yetu nyingi inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda lake linasafiri nayo. Hapo ndipo serikali ianzie. Kilwa imechoka kutoa na kubaki mikono mitupu. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, na wanawake wa vijiji vyetu bado wanatafuta kuni. Kilwa imetoa gesi, imetoa mpingo, imetoa ardhi ya mbono. Safari hii itoe pumba tu, na ilipwe bei ya pumba. Ardhi ibaki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi: ardhi ya kijiji haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa. Basi wananchi wa Kikole, wananchi wa Mavuji na Migeregere, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Kina mama, msiwaachie wanaume. Vijana, msikae gengeni. Dai mkataba usomwe wote, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Uliza kampuni ikifilisika ardhi inarudi kwa nani, na jibu liandikwe. Waheshimiwa madiwani, fidia ya kijiji iende kijijini. Na ukiambiwa mgeni ana haraka, sahihi inatakiwa leo leo, usitie. Mwambie arudi mkutano ujao.