JINA LISIPOPATIKANA, MFUMO HAUJAFA
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Shinyanga na Geita)



Siku hizi taarifa za vyama vyetu, vya wakulima wa pamba na vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, huifikia Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mfumo wa kompyuta uitwao MUVU. Kompyuta ikiandika kwamba anwani haipatikani, katibu husema mfumo umekufa, hufunga ofisi na kupanda basi kwenda mjini. Nauli hiyo ni jasho la mwanachama. Hapana budi tulielewe jambo hili.

Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba. Tangu mwaka 1983 upo utaratibu wa seva za majina, mfano wa daftari la wanachama: ukitaja jina, hukupa namba yake. Daftari lisiposomeka, mfumo waweza kuwa mzima lakini usifikike.

Makosa ya kawaida ni matatu.

Kwanza, jibu kwamba jina halipo. Kagua herufi moja moja; .go.tz si .co.tz. Herufi zikiwa sahihi, huenda mwenye jina hakulipia ada yake.

Pili, seva ya majina haijibu. Jaribu anwani nyingine. Nazo zikikataa, hitilafu iko kwenye ruta yako au kwa kampuni ya mtandao. Zima ruta, uiwashe tena, au tumia mtandao wa kampuni nyingine.

Tatu, jina limepewa namba mpya, nayo kompyuta yako ingali inakumbuka ya zamani. Katika dirisha la amri la Windows andika ipconfig /flushdns, kumbukumbu hiyo ifutike. Isipofaa, subiri saa kadhaa, kwani seva za njiani nazo hutunza kumbukumbu.

Mtu akikupigia simu na kukupa anwani “mpya” ya kuingizia nywila, usiikubali kabla ya kumwuliza Afisa Ushirika wa wilaya.

Mwisho, chama chenye jina lake mtandaoni kilihesabu kuwa mali, kama mizani na ghala. Liandikishwe kwa chama, si kwa fundi, na tarehe ya kulipia ada iingizwe katika kumbukumbu za Bodi. Fundi akihama, jina lisihame naye.