Kukodi Helikopta kwa Picha za Sinema: Mambo ya Kupimwa Kwanza



Chama kinapotaka kuwaonyesha wanunuzi au wafadhili mashamba yake ya tumbaku, miti iliyopandwa na misitu yenye mizinga, huzuka rai ya kukodi helikopta ili eneo zima lipigwe picha za sinema kutoka angani. Rai hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, fedha itakayolipwa ni jasho la mkulima. Kwa hiyo katibu hana budi kuelewa gharama inavyohesabiwa kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, gharama. Helikopta hukodiwa kwa saa, na kwa kawaida saa huanza kuhesabiwa inapoondoka kituoni kwake hadi inaporejea. Kutoka Dar es Salaam hadi Usoke ni kadiri ya kilomita 780 kwa mstari ulionyooka. Helikopta ndogo huenda kilomita 200 hivi kwa saa. Basi itatumia takriban saa nne kuja na saa nne kurudi, nayo italazimika kutua njiani kutia mafuta. Hivyo chama kilichohitaji saa moja ya picha kitalipia saa tisa. Huenda zikaongezwa ada za kutua, malazi ya rubani na siku za kungojea hewa itulie. Vyama jirani vikiungana katika safari moja, saa nane za njiani hugawanywa baina yao. Hapo ndipo faida ya ushirika inapoonekana.

Pili, majira. Mwishoni mwa kiangazi moshi wa mioto ya misitu hufunika anga ya Unyamwezi. Anga safi hupatikana mvua zinapokoma, hasa asubuhi. Lakini wakati huo tumbaku imekwisha vunwa. Anayetaka kuionyesha ikiwa shambani atapiga picha Januari au Februari, katikati ya mvua, naye ajiandae kungoja.

Tatu, usalama na vibali. Mwenye helikopta aonyeshe cheti chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na bima. Kibali cha kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu. Ikiwa mlango utaondolewa, mpiga picha afungwe mkanda imara na kila kifaa kifungwe, kwani hata kofia ikipeperuka yaweza kunasa kwenye pangaboi la mkiani.

Nne, njia nyingine. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu yao ya Serengeti kwa ndege ndogo ya mabawa, bila helikopta. Nayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Lakini Michael hakuiona siku hiyo: Januari 1959 ndege yao iligongana na tai, akafariki. Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha za ramani kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Kwa eneo la chama kimoja, chombo cha namna hiyo chaweza kutosha, kwa gharama ndogo zaidi, maadamu kimesajiliwa na kina vibali.

Mwisho, picha ya angani isiaminiwe kupita kiasi. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji, na mvua zikakosekana. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Kutoka juu msitu huonekana. Ugumu wa udongo hujulikana kwa jembe.

Basi suala hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu pamoja na makisio yaliyoandikwa: saa ngapi, nani atalipia siku za kungoja, na filamu itakuwa mali ya nani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii ya Ujiji walipatana ujira na posho kabla ya kuinua mzigo. Chama nacho kipatane kabla helikopta haijaruka.