Kamari Iliyohamia Mfukoni



Zamani mcheza kamari aliketi mwembeni na karata zake. Mzee akipita, alimwona akamkanya. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kisha zikaja kampuni za kubashiri mipira, kamari imehamia mfukoni, haionekani. Mwaka 2017 kampuni ya GeoPoll iliwahoji vijana wa Kenya wenye miaka 17 hadi 35; 76 katika kila 100 walisema wamewahi kucheza. Lakini tusiwatwike vijana peke yao. Mimi nishikaye daftari la ada najua: hapa Junda wapo akina baba wakeshao na simu, na mwisho wa mwezi hawana cha kulipa. Naomba ajaye kukiri deni asitiriwe, asichekwe. Kwani aibu ndiyo imrudishayo kubahatisha.