SHAIRI NA RAP NI NDUGU

Kijana akianza kutikisa kichwa na kutamka maneno mbio mbio, wazee wengi husema, "Huyo ameharibika." Mimi nasema hajaharibika. Hajapata mwalimu.

Tuchukue vijana wa Nyabibuye, mkoani Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Kuwafundisha kutunga wimbo hakuhitaji kinanda wala kompyuta. Panahitajika viganja vya mikono na mwalimu asiyewadharau.

Mwalimu huyo aanze na shairi letu la kale. Mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Sasa apige makofi manne, taratibu, kama mdundo wa rap. Kila kofi libebe mizani minne: nne mara nne ni 16. Mshororo mzima umeingia bila kusukumwa! Kina cha kati kinafunga kofi la pili, na kina cha mwisho kinafunga la nne.

Jaribu mwenyewe hapo ulipo: "Soko limekwisha leo, mama bado ana ndizi." Makofi yanaangukia so, kwi, ma na a, pale pale sauti inapotiliwa mkazo. Mkazo ukihamishwa ovyo, maana nayo huhama. Barabara ya kupitia magari si sawa na barabara ya kusema "sawasawa kabisa", ingawa herufi ni zile zile. Na Kiha, kama Kirundi, ni lugha ya toni; mtoto wa Nyabibuye amezaliwa na sikio la kazi hii.

Kisha awapeleke kwenye kwaya. Kwaya nyingi za makanisa yetu huimba ile "Haleluya" ya Handel, kutoka kazi yake iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Maneno yake ni machache mno, lakini sauti nne hupokezana, hupanda, hunyamaza, hurudi. Hapo kijana atajifunza kiitikio ni nini, na kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya wimbo.

Wapo watakaosema rap ni ya Marekani. Ni kweli, ilizaliwa New York katika miaka ya 1970. Lakini mwaka 1991 Saleh Jabir aliivika Kiswahili jijini Dar es Salaam, na ikamkaa. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walitoa "Leka Dutigite", na Kiha kikasikika nchi nzima.

Nanyi vijana, msidhani mdundo utawafichia uvivu. Asiyehesabu mizani hujaza nafasi kwa "ye ye" na matusi. Wimbo wa mama aliyerudi na ndizi zake unahitaji jicho lililomwona mama huyo.

Ndugu msikilizaji, kijana asiyejua kulisema jambo lake kwa maneno aghalabu hulisema kwa ngumi. Mwalimu wa Kiswahili anayo mizani, mwalimu wa kwaya anazo sauti, kijana anao mdundo. Kinachokosekana ni watatu hao kukaa chumba kimoja, hata saa moja kwa juma. Je, saa hiyo nayo ni ghali?