Joto, Mvua na Wachambuzi wa Taka wa Buhongwa



Zitajwapo habari za mabadiliko ya tabianchi, wengi hufikiria barafu ya Kilimanjaro inayopungua, au mkulima wa Magu anayengoja mvua. Ni mara chache atajwapo kabwela afanyaye kazi juani kwa ujira wa kutwa. Hata hivyo yeye ni miongoni mwa wafikwao kwanza, na mfano wake upo Buhongwa, kusini mwa Jiji la Mwanza, ambako taka za jiji hupelekwa kufukiwa.

Dampo halina kivuli. Wapo wapakuao magari, na wapo wachambuao chupa, vyuma na plastiki ili wauze kwa kilo. Taka zinazooza hutoa joto lake zenyewe, nalo hujumlika na jua la Septemba na Oktoba, kabla ya vuli. Watu husema Mwanza si Dar es Salaam: jiji lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa hulipoza. Ni kweli, lakini kweli hiyo huwafanya watu wasijihadhari. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na abebaye mzigo hujiongezea joto kutoka ndani. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka. Ndipo huja kizunguzungu na kukaza kwa misuli, na kwa wanaoishi hivyo miaka mingi, hatari ya maradhi ya figo.

Lipo jambo jingine lisilosemwa sana. Mtu huyo huambiwa avae glavu nene, buti na kifuniko cha pua. Vyema. Lakini ifikapo saa nane mchana vifaa hivyo huwa mzigo wa joto. Huvuliwa, na mara kigae cha chupa au sindano hupenya kidole. Katika daftari, ikiwa daftari lipo, huandikwa kuwa alikuwa mzembe. Haiandikwi kuwa kulikuwa na joto. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba joto kali huchangia majeraha ya kazini zaidi ya milioni 22 kila mwaka ulimwenguni.

Mvua nayo ina yake. Agosti 10, 2024, upande wa pili wa ziwa hili hili, lundo la taka la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na watu. Waliokufa walizidi 30. Buhongwa si Kiteezi, wala hakuna haja ya kutishana. Ila taka zilizolowa huwa nzito na huteleza popote zilipo.

Je, nani awajibike? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, humfidia mwajiriwa aliyeumia kazini, na michango yake hutoka kwa waajiri. Mchambuzi wa chupa hana mwajiri. Kwa hiyo wapo wasemao kwamba hayumo kabisa katika sheria. Hao hawana budi kuisoma tena Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo ilitungwa pia ili kuwalinda watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na shughuli za walio kazini. Na jiji hufaidika naye, kwani kila kilo aiokoayo ni kilo isiyojaza shimo.

Kumwambia apumzike wakati wa jua ni maneno matupu, maana alipwaye kwa kilo akipumzika hupungukiwa chakula. Tena saa zake hazipangi yeye. Magari yakimwaga taka adhuhuri, atachambua adhuhuri. Yakimwaga alfajiri, atakuwa amemaliza kabla ya jua kali. Ratiba ya magari hupangwa ofisini. Kuisogeza mbele, kujenga banda moja la kivuli, kuweka pipa la maji safi ya kunywa, na kuzuia watu wasikaribie mteremko siku za mvua kubwa, ni mambo yanayoweza kutendwa kabla ya Oktoba.