Keki ya Drafti ya Harusi ya Namanga

Tangu ile harusi mmenipigia simu sana: "Mama, ile miraba uliiokaje?"

Sikuoka miraba. Nilioka keki nne za duara, mbili za vanila, mbili za kakao, kila moja upana sentimita 30, kimo 5. Kila keki unaikata duara la sentimita 20, na ndani yake la 10. Unapata pete mbili na kitovu. Unene wa pete ulingane na kimo cha keki, la sivyo drafti inageuka matofali. Kisha hamisha pete ya kati tu: ya kakao iingie kwenye nyeupe, nyeupe kwenye kakao. Gundi ni jamu kidogo. Ukipandanisha, nje iwe kahawia, nyeupe, kahawia, nyeupe.

Uji wa keki upime kwa mizani, jicho linadanganya. Na usikate keki ya moto jamani! Ilale usiku mzima.

Sasa yaliyonipata. Bibi harusi ni wa Arusha, bwana harusi wa upande wa Kenya, na wazee walikuwa wamevutana sana juu ya mahari. Mama wa binti akaniambia, "Nataka wakikata waone rangi mbili zimekaa pamoja." Nikabeba keki kwenye maboksi, zaidi ya kilomita 100, nikazipanga Namanga usiku huku naongea na simu. Saa sita nimemaliza krimu, nimelala, moyo ukagoma. Nikaamka, nikachoma kijiti cha meno ubavuni, tabaka la pili: kahawia. La tatu: kahawia!

Nikajisemea, krimu imeficha, nani atajua? Kumbe kisu kitajua. Nikamwamsha dada mwenyeji. Tukakwangua krimu yote, tukaingiza kibao chembamba, tukabadilishana matabaka mawili ya juu. Pete moja ikapasuka. Nikaiziba kwa krimu. Tulimaliza jogoo wanawika.

Mchana kisu kilipita, kipande kikatoka na drafti yake. Mama wa bwana harusi akakigeuza huku na huku, akaenda kumlisha mama wa binti kwa mkono wake. Kile chenye ufa kilimwangukia mchungaji. Alikula, akaomba kingine.