Wimbo ni wa Usharika Wote
(Maneno ya mwalimu wa kwaya)



Kitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri kilitolewa Ujerumani mwaka 1524. Kilikuwa na nyimbo nane tu, nne za Martin Luther mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, ili watu wote waimbe.

Sisi tulijifunza maana yake mwaka 2020. Makanisa yalifungwa Machi. Yalipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasiozidi 100, na waliopita miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Nikatazama safu ya sauti ya pili: kina mama wetu hawakuwapo. Tukaanza wimbo wa zamani, kumbe vijana wanajua beti mbili tu. Tukanyamaza katikati. Niliona aibu, maana mwalimu ni mimi.

Jioni nikampigia simu mama mmoja. Akaniimbia beti zilizobaki, nikazirekodi na kuwatumia vijana. Nao wakamtumia sauti zao. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yetu.

Leo tuna kinanda na spika, na Jubilii imefika. Lakini baadhi ya mama hao hawajarudi, miguu imechoka. Basi, kabla hatujashona sare mpya, twende kwao pamoja na vijana, tukaimbe nao. Wimbo ambao mzee hakumwachia mtoto huzikwa naye.

Mungu awabariki.